Hii haiko mafuta, ni maji: namna ya kusoma mwili wa mutoto asiyejua bado kusema

Ninyi mulio bado kwenye oditwari na ninyi mulio nje munatafuta kazi kama mimi, leo sitaandika juu ya TFC wala juu ya barua ya kuomba kazi. Nitaandika juu ya miguu ya mutoto.

Mwaka uliopita mudogo yangu alifika kwetu Kadutu na mutoto wake wa pili, wa mwaka moja na miezi minane. Alikuwa amemwachisha ziwa mapema, sababu mimba ingine ilikuwa imeingia. Mutoto alikuwa na mashavu ya mviringo, miguu mizito, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Mama jirani akapiga mikono: "Ona vile amenenepa! Mutoto haiko na shida." Na mimi, pamoja na licence yangu ya uchumi, nikaitika. Kitu kimoja tu kilinisumbua: mutoto yule alikuwa kimya sana. Hakufuata wenzake, hakuomba kitu, ukimugusa analia kidogo kidogo kama muzee aliyechoka. Nywele zake zilikuwa nyepesi, rangi ya udongo, na ukizivuta zinatoka bila yeye kushituka. Tukasema pengine ni jua.

Jioni akapita mama mmoja muuguzi anayeishi nyumba ya chini ya kwetu. Alikuja kuchajisha simu tu. Akaketi, akamuangalia mutoto, akachukua muguu wake, kiisha akaniita: "Papa, njoo. Weka kidole gumba hapa juu ya muguu. Finya. Hesabu moja, mbili, tatu. Sasa toa." Nikatoa. Shimo likabaki, kama vile umefinya bugali ya moto. Akanifanyisha vilevile kwa muguu wa pili. Shimo lingine. "Wewe mwenye ulisomaka, unaona? Hii haiko mafuta, ni maji."

Mimi si munganga. Lakini tangu siku ile nimesoma, nimeuliza, nimewasumbua wenzetu wawili wa promosheni waliosoma udaktari, na naona kwamba mambo mengi ambayo muuguzi anaangalia kwa mutoto yanaonekana kwa macho ya kila mutu. Hayahitaji mashini. Yanahitaji kujua mahali pa kuangalia.

Tuanze na ugonjwa huo wenyewe, sababu ni wa kwetu. Washi wanauita bwaki. Bukavu kuna hata shirika la zamani lililochukua jina hilo, Comité Anti-Bwaki. Ugonjwa unaofanya watu waunde komite juu yake si wa mchezo. Katika vitabu unaitwa kwashiorkor. Neno hilo linatoka katika lugha ya Kiga ya pwani ya Ghana, na aliyelipeleka kwenye vitabu ni munganga Cicely Williams, aliyefanya kazi kule wakati nchi ingali inaitwa Gold Coast. Alieleza ugonjwa mwaka 1933, na mwaka 1935 akaandika jina lake katika jarida la Lancet. Wamama wa kule walikuwa wamemwambia kwamba ni ugonjwa unaomupata mutoto aliyeondolewa kwenye ziwa sababu mwengine anakuja. Ukilisikia neno hilo, kiisha ukafikiri juu ya mudogo yangu na mimba yake, utaona kwamba wamama wale walikuwa wameshajua mbele ya munganga kufika.

Utapiamlo mukali uko na sura mbili. Ya kwanza kila mutu anaitambua: mutoto anakonda, mbavu zinahesabika, uso unakuwa kama wa muzee, ngozi ya matako inaning'inia kama suruali kubwa. Hakuna jirani atakayepiga mikono kwa kumusifu. Ya pili ndiyo bwaki, na hiyo inadanganya. Maji yanaingia chini ya ngozi, yanaanza kwenye miguu yote miwili, yanapanda mpaka magoti na mikono, mwisho yanafika usoni. Yakifika usoni mutoto anakuwa na mashavu mazuri kabisa, na ni wakati huo ndipo yuko karibu zaidi na kifo. Nywele zinabadilika rangi na kunyooka, ngozi inapata madoa meusi kiisha inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na mutoto anakosa hamu ya chakula na ya watu. Huo unyamavu ni alama sawa na zile zingine. Mutoto wa mwaka moja na nusu asiyesumbua mutu ni mutoto wa kuuliza habari yake.

Kipimo cha kidole gumba mumekisikia: miguu miwili, sekunde tatu, shimo linabaki. Kama ni muguu mmoja tu umevimba, tafuta jambo lingine, mwiba, jipu ao kuvunjika. Kuna pia utepe wa rangi tatu ambao wasaidizi wa afya wanazunguka nao kwenye mitaa. Unazungushwa katikati ya mukono wa juu, kwa mutoto wa miezi 6 mpaka miezi 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mukali. Kutoka 115 mpaka chini ya 125 ni njano. Kuanzia 125 ni kijani. Lakini angalia mutego: mutoto wa bwaki anaweza kutoa njano, hata kijani, juu ya yale maji. Miguu miwili ikiwa imevimba, hiyo peke yake inatosha kumupeleka, utepe useme unachotaka.

Juu ya sababu, zamani walitufundisha kwamba ni kukosa proteini, basi. Mutoto anakula bugali ya muhogo asubuhi na jioni, na samaki hafiki kwenye sahani yake. Hiyo ni kweli kwa sehemu, na inaumiza kufikiri kwamba tunaishi kando ya ziwa lenye sambaza, samaki waliotolewa Tanganyika na kuletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na bado kuna nyumba ambamo sambaza ni za baba peke yake. Lakini hadithi haiishi hapo. Mwaka 2013 watafiti walitoa katika jarida la Science habari ya mapacha wa Malawi: nyumba moja, sahani moja, mmoja anapata kwashiorkor, mwengine hapana. Waliona tofauti katika vijidudu vinavyoishi ndani ya matumbo yao. Kwa hiyo wataalamu wangali wanabishana, na sisi tuache kumuhukumu mama kwa mbio. Mudogo yangu hakumunyima mutoto wake.

Tena kuna jambo la kwetu ambalo sitalizunguka. Siku ile, mbele ya muuguzi kupita, mutu mmoja wa nyumbani alikuwa amesema kwamba mutoto kuvimba vile ni karuho, kwamba mutu amemulisha sumu kwa jicho baya. Kila mwana-Bukavu anajua neno hilo na anajua mutaa ambamo kuna mutu wa "kutapisha" sumu. Siandiki hapa kubishana na imani ya mutu. Nahesabu siku tu. Wiki moja kwa mutu wa kutapisha, dawa za majani kwa mutoto ambaye ini yake imeshachoka, kiisha ndiyo hospitali. Wiki ile ndiyo inaua.

Kaskazini ya mji, Kabare, kuna Lwiro, majengo yale mazuri ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947, leo CRSN. Wengi wetu tulienda kule kwa ziara ya shule kuangalia nyani na vitabu. Wachache wanajua kwamba hospitali ya watoto ya Lwiro imetibu bwaki kwa miaka mingi sana na ikatunza karatasi zake. Watafiti wa Bukavu na wa Ubelgiji walifungua karatasi hizo, wakawatafuta vijijini watoto waliotibiwa pale kati ya 1988 na 2007, ambao sasa walikuwa watu wazima, miaka 11 mpaka 30 nyuma ya ugonjwa. Wakawalinganisha na watu wa kijiji kilekile ambao hawakuugua. Waliougua walikuwa wafupi zaidi, walifika chini zaidi katika masomo, na walipata alama za chini katika vipimo vya akili. Nilipoisoma nilibaki nimeshika simu. Tunapozoea kusema kwamba fulani "hakuwa na kichwa cha shule", pengine tunasema juu ya miguu yake ya mwaka wa pili.

Sasa, rangi. Hapa niko na hasira kidogo, munisamehe. Ukifungua vitabu vya magonjwa ya watoto, unasoma "ngozi inakuwa nyekundu", "midomo inakuwa ya bluu", na picha ni ya mutoto muzungu. Juu ya ngozi yetu wekundu unaweza kuonekana kama weusi zaidi, kama zambarau, ao usionekane kabisa. Unausikia kwa mukono, joto na ukwaru. Si sisi peke yetu tuliochoka na jambo hilo. Mwaka 2020, Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London mwenye kuzaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kitabu kidogo, Mind the Gap, chenye kuonyesha alama za magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Alikuwa mwanafunzi kama ninyi. Kwa mutoto wetu, rangi tunaisoma pale ngozi ni nyembamba ao haina weusi mwingi: ndani ya kope la chini, ulimi, ufizi, kiganja, nyayo. Weka kiganja cha mutoto kando ya kiganja chako. Kikiwa cheupe kama karatasi, damu imepunguka, na kwetu sababu ya kwanza ya kufikiriwa ni malaria. Mutoto muchanga akiwa na macho ya njano siku yake ya kwanza ya kuzaliwa, ao njano ikifika mpaka viganja na nyayo siku yoyote, usimuweke kwenye jua la dirisha ukingojea kesho. Mupeleke leo.

Vipele vinatuchanganya zaidi ya kitu chochote, na tangu mwaka 2023 vinatutia hofu. Mnamo Septemba mwaka ule, Kamituga, kule kwa wachimba zahabu wa Mwenga, kulianza mpox ya aina mupya, ambayo wataalamu waliipa jina la klado Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya dunia nzima. Basi jina la Sud-Kivu yetu likajulikana kwa jambo lingine baya tena. Tangu hapo kila kipele cha mutoto ni mpox kwa jirani, na wazazi wengine wanaficha watoto. Tutofautishe.

Surua, rougeole tunavyoisema, haianzi na vipele. Inaanza na homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu yenye kutoka machozi, siku mbili mpaka nne. Ukiangalia ndani ya shavu, karibu na magego, unaweza kukuta vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Kiisha ukwaru unatokea nyuma ya masikio na usoni, unateremka kifuani, unafika miguuni. Juu ya ngozi yetu pitisha kiganja: inakwaruza kama karatasi ya msasa. Tusiizoee. Mlipuko ulioanza katika Congo mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6.000, wengi wao watoto wadogo, wakati dunia nzima iliangalia Ebola. Na surua na bwaki ni marafiki: mutoto aliyetoka surua akiwa dhaifu, mwezi unaofuata angalia miguu yake.

Tetekuwanga inawasha, inakuja kwa makundi, hata katika nafasi moja ya ngozi unakuta kipele kipya, malengelenge na gaga kwa wakati mmoja. Inapenda kifua na mugongo. Vipele vya mpox mara nyingi viko vigumu, vya ndani, kama maharagi chini ya ngozi, vile vya sehemu moja vinakua pamoja, vinafika mpaka kwenye viganja na nyayo, na matezi yanavimba chini ya taya ao kwenye nyonga. Nasema mara nyingi, sababu hata wanganga wanakosea na ndiyo maana kuna laboratware. Kazi yako si kutoa jina la ugonjwa. Ni kumutenga mutoto na wenzake bila kumufungia kama mwizi, na kumupeleka.

Kuna alama zingine ambazo watu wanapita mbele yake kila siku. Kupumua ni moja. Mufunue mutoto nguo mpaka tumboni, akiwa ametulia ao amelala, chukua simu yako, weka saa, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 ao zaidi ni mbio. Kutoka miezi miwili mpaka mwaka, 50. Kutoka mwaka mpaka miaka mitano, 40. Angalia pia sehemu ya chini ya kifua: akivuta pumzi na kifua kinaingia ndani badala ya kutoka, hiyo haitaki sirapu ya kikohozi ya kwenye meza ya barabarani. Ukiona ile, twende.

Kuhara mutaa wetu unakujua, na kipindupindu hakijawahi kuhama hapa. Macho yakizama, mutoto akilia bila machozi, finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, acha: ikikawia zaidi ya sekunde mbili kurudi, maji yameisha mwilini sana. (Kwa mutoto aliyekonda sana kipimo hicho kinadanganya, ngozi yake inakawia hata bila kuhara.) Na kwa ugonjwa wowote ule, mutoto anayeshindwa kunywa ao kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, ao asiyeamka sawasawa, huyo hangojei hesabu yoyote.

Majeraha nitayapitia mbio, isipokuwa mawili. La kwanza ni mbabula. Nyumba zetu ni ndogo, makala inawaka chini, mutoto anajifunza kutembea katikati ya sufuria. Akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, hata kama analia. Ukikosa bomba, mimina na kopo pole pole. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta ya mawese, hakuna mayai. Usitoboe malengelenge. Ukitaka kujua ukali, usitegemee kilio. Sehemu iliyoungua sana inakuwa nyeupe ao kama ngozi ya kiatu, na haiumi, sababu neva zimekufa. Watu wanaona mutoto ametulia wanasema imekuwa afadhali. Uso, mikono, sehemu za siri, ao eneo linalopita kiganja cha mutoto mwenyewe: hospitali.

La pili watu hawapendi kulisema. Mutoto akiingia mwenyewe kwenye maji ya moto anaruka, maji yanarushika, alama zinatawanyika. Kuungua kwenye mustari sawasawa, kama soksi kwenye miguu yote miwili ao kama glavu, kunasema hadithi ingine: mutu alimushikilia. Vilevile michubuko. Mutoto anayetembea anaumia goti, paji la uso, kiwiko. Michubuko ya masikio, shingo, tumbo, ao kwa mutoto asiyetambaa bado, haitoki kwenye michezo. Ukiona, usianze kupiga kelele mutaani, unaweza kumuongezea mutoto taabu usiku ule. Tafuta muuguzi ao musaidizi wa jamii unayemuamini, umwambie ulichoona, si unachodhani.

Kwa yanayobaki: mutoto wa miaka miwili uliyemuvuta mukono kwa kumupandisha ngazi za Kadutu, na sasa mukono unaning'inia kando ya mwili na hataki kuutumia, pengine kiwiko chake kimetoka kidogo, munganga anakirudisha kwa sekunde. Aliyeanguka na kichwa, akitapika tena na tena, akilala usingizi usio wa saa yake, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ingine, ao maji meupe yakitoka puani ama sikioni, usimungojee.

Sasa mutoto wetu. Usiku ule ule tulimupeleka. Uvimbe ulikuwa umefika usoni, kwa hiyo walimulaza, hawakumurudisha nyumbani na Plumpy'Nut kama wanavyofanya kwa wenye hamu ya kula na uvimbe mudogo. Wakaanza na maziwa wanayoita F-75, kidogo kidogo, kila masaa matatu, mchana na usiku. Mudogo yangu aliomba wamupe mutoto chakula kingi ashibe. Wakamueleza kwamba mwili uliozoea njaa, ukiulisha kwa nguvu, moyo unaweza kusimama.

Siku ya sita alinipigia simu analia. Walikuwa wamemupima mutoto, na kilo zilikuwa zimeshuka. Aliingia na kilo nane na nusu, sasa ni saba na gramu mia mbili. Mashavu yamekwisha, miguu imekuwa fimbo. "Yaya, wananiulia mutoto." Nikashuka mbio, nikamuuliza muuguzi wa zamu. Akacheka, si kwa ubaya. Akafunua shuka, akaniambia nifinye muguu. Nikafinya, nikahesabu tatu, nikatoa. Hapakuwa na shimo. Mutoto akavuta muguu wake, akanikasirikia, akanisukuma mukono.